Chumvi imenifuata hadi Lowell

Ilikuwa Februari, saa sita kasoro usiku, ndio nimetoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee huko Chelmsford, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baridi inakata masikio. Nawasha gari, na pale kwenye dashibodi kinabaki kitaa cha rangi ya chungwa chenye umbo la injini. Vingine vyote vimezimika, chenyewe kimekaa. Gari linanguruma kama kawaida, halitetemeki, halinuki. Niliendesha hadi nyumbani Lowell nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Mkazi wa hapa ataelewa kwa nini. Mombasa gari likikugomea unadandia matatu, ukikosa matatu kuna tuktuk, ukikosa tuktuk kuna bodaboda atakayekupakia hata na godoro lako. Massachusetts ukitoka zamu usiku wa manane, gari ndio miguu. Hili langu ni la mwaka 2013, nimelinunua kwa pesa za kudunduliza, na halina dhamana wala bima ya matengenezo. Likifa, na mimi kazi imekufa.

Huko kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi, nikampigia ami. Ami yangu amekuwa makanika wa matatu Changamwe tangu mimi sijazaliwa.

“Petroli iko?”

“Iko, ami.”

“Oili iko? Joto halipandi?”

“Kila kitu sawa.”

“Basi mwanangu, kibovu ni hiyo taa. Ng'oa balbu ulale.”

Sikumcheka, maana kwetu ndivyo tulivyozoea. Shida ni kwamba huku gari hukaguliwa kila mwaka, unalipa dola 35, unabandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Stika ikipita muda polisi ana haki ya kukusimamisha. Na taa ya injini ikiwa inawaka, umefeli hapo hapo. Dawa ya kung'oa balbu pia walishaifikiria: ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima ijionyeshe. Isipojionyesha, umefeli vilevile. Stika yangu ilikuwa inaisha mwezi wa Aprili.

Jambo moja niliseme mapema kwa mwenye taa inayowaka sasa hivi. Ikiwa imetulia tu, una nafasi ya kupumua. Ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, hiyo kwa kawaida ni injini inakosa mipigo, na petroli isiyoungua inaenda kuua katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Hapo weka gari pembeni. Yangu ilikuwa imetulia.

Nikanunua skana ya dola 23, kidude cha kuchomeka chini ya usukani ambacho huzungumza na simu kwa Bluetooth. Magari yote madogo yanayouzwa Marekani tangu 1996 yana tundu hilo la umbo moja, kwa hiyo kidude kimoja kinafaa kwa jirani zako wote. Simu ikaniletea namba: P0456. Mvuke wa petroli unavuja, tundu dogo sana.

Nilisoma mara mbili. Mvuke! Petroli yenyewe haivuji hata tone, nimeshtakiwa kwa harufu.

Sasa ngoja nieleze nilivyokuja kuelewa, kwa sababu ningelielewa hili mapema ningeokoa pesa. Petroli hata ikiwa imetulia kwenye tangi inageuka mvuke. Zamani mvuke huo uliachwa uende zake hewani, mpaka Wamarekani walipoona kwamba ukikutana na moshi wa magari chini ya jua kali unazaa ozoni ya huku chini tunakopumua, ile inayochoma mapafu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 wakawalazimisha watengenezaji kuufungia ndani. Kwa hiyo tangi la gari la leo halipumui ovyo. Mvuke unapelekwa kwenye kopo lenye makaa maalumu ambayo huunasa, na injini ikiwa inatembea, valvu moja, wenyeji huiita paji, hufunguka na injini huunyonya mvuke ule na kuuchoma. Petroli uliyolipia unaitumia yote. Mfumo mzima unaitwa EVAP.

Na kompyuta ya gari huukagua mfumo huo. Unamkumbuka mtoto anayenyonya hewa ndani ya chupa ya soda hadi mdomo unanasa? Ndivyo hivyo. Gari hufunga njia zote, hunyonya hewa kidogo, kisha husubiri kuona kama mnaso unakaa. Chupa ikiwa na tundu, mdomo haunasi. Gari likiona uvujaji mkubwa hutoa P0455, mara nyingi ni kifuniko ulichosahau kukaza. P0442 ni tundu la kama milimita moja. P0456 yangu ni nusu milimita. Nusu! Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha tulikuwa tunapanga sufuria sakafuni.

Kila mtu alisema ni kifuniko cha tangi. Nikanunua kipya, dola 14, nikafuta taa kwa skana, ikazimika. Wiki tatu za raha. Nikamtumia ami ujumbe wa sauti wa majigambo.

Nilikuwa sijui kwamba gari halijipimi kila siku. Linataka injini iliyopoa baada ya kulala saa nyingi, na linataka tangi lisiwe karibu na tupu wala lisijae kabisa. Magari mengi hutaka kati ya asilimia 15 na 85. Mimi, kwa hali ya mfuko wangu, nilikuwa natia dola 10, dola 10, mshale hauondoki kwenye E. Kumbe lilinyamaza kwa sababu halikuwa limepimwa, wala hakuna kilichopona. Siku nilipolipwa ovataimu nikaweka nusu tangi kama mtu mwenye heshima zake, keshokutwa yake taa hiyo imewaka. Nimepata pesa, gari limenishtaki.

Aprili nikafeli ukaguzi. Nikabandikwa stika yenye herufi R kwenye kioo, siku 60 za kutengeneza. Kila ukisimama kwenye taa za barabarani unahisi dereva wa pembeni anaisoma.

Kazini kuna kaka mmoja wa Kisumu, yeye akasema kwa uhakika wa daktari: “Badilisha paji.” Kwenye gari lake paji ndilo lililokufa. Lakini dalili yake ilikuwa nyingine: kila akitoka kujaza petroli, gari lilikuwa gumu kuwaka, linakohoa kwanza. Valvu yake ilikuwa imekwama wazi, mvuke wote ukawa unamiminikia injini. Langu halijawahi kukohoa. Hata hivyo nikanunua valvu kwa dola 48, nikaifunga mwenyewe pale maegesho, vidole vimekufa ganzi. Baada ya kuifunga ndipo nikafikiria kuijaribu ile ya zamani. Kipimo chake ni bure: ikiwa haina umeme inatakiwa iwe imefunga, kwa hiyo unapuliza kwenye bomba lake na pumzi haipiti. Nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Imefunga kama mtungi. Dola 48 zimekwenda na nzima yangu nimeing'oa.

Na kwa kuwa tuko hapa, niungame na jingine. Mimi ni mtu wa kujaza hadi mdomoni siku nikiwa nazo. Pampu ikikata, naongeza. Ami alitufundisha hata kulitikisa gari ili liingie tone zaidi. Acheni. Lile kopo la makaa limeumbwa kunasa mvuke, petroli ya maji ikifurika humo makaa yanaharibika, na kopo jipya ni bei ya kukutoa machozi. Pampu ikikata, imekata.

Mwezi wa Mei, siku zinayoyoma, nikajisalimisha kwa fundi. Lowell imejaa Wakambodia, na huyu fundi ni mmoja wao, mzee mfupi mwenye gereji ya milango miwili karibu na mifereji ya viwanda vya zamani. Nikamwambia nimebadilisha hiki na kile. Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu kwa mwarobaini mwaka mzima. “Moshi,” akasema. Dola 95.

Mashine yake hupasha moto mafuta laini, kama yale ya kumpaka mtoto, ikatoa moshi mweupe unaosukumwa polepole ndani ya mabomba ya EVAP. Msukumo wenyewe ni mdogo mno. Alinionya nisije nikajaribu nyumbani kwa kompresa ya magurudumu, kwani nguvu ile itapasua tangi au mabomba, na hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli inangoja cheche tu.

Gari likapandishwa juu. Tukasimama chini yake na tochi, tunangoja. Kwangu mimi ilikuwa ni chetezo kabisa. Mama akishafukiza udi chumbani, ukikaa nje unaona moshi unatafuta njia, unatokea kwenye ufa wa dirisha ambao hukujua upo. Juu ya tangi, kimya. Kwenye kopo, kimya. Valvu yangu mpya, kimya, bila shaka. Mzee akafungua plastiki ya ndani ya gurudumu la nyuma, na pale nyuma yake uzi mwembamba wa moshi ukawa unapanda taratibu.

Bomba la kujazia petroli, lile linaloshuka kutoka kwenye kifuniko hadi tangini. Mahali linaposhikwa na kishikizo, matope yalikuwa yamejikusanya, na chini ya matope ni kutu tupu. Akagusa kwa bisibisi, magamba yakadondoka sakafuni kama ukoko wa chungu.

“Majira ya baridi,” akasema. “Chumvi.”

Nikacheka peke yangu. Mimi, mtoto wa Likoni! Kwetu chumvi ya bahari inakula mabati, inakula bawaba, inakula miguu ya friji. Lango letu lilikuwa linapakwa rangi kila mwaka kabla ya Ramadhani na bado linatoboka. Ungeniambia gari hili limekaa Likoni miaka kumi, kutu ingekuwa dhana yangu ya kwanza. Lakini hapa niliona theluji tu, na theluji kwangu ni maji. Sikujiuliza yale malori ya usiku yanamwaga nini. Yanamwaga chumvi, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi. Magurudumu yanairusha juu, inajificha kwenye kila kona ya uvungu na kukaa humo hadi kiangazi. Na mimi nilikuwa naosha juu, nang'arisha vioo, uvungu sijawahi kuumwagia hata ndoo.

Nilimuuliza kama anaweza kuziba kwa gundi au kuchomelea. Gundi, akasema, kutu itaendelea pembeni yake. Kuchomelea hakunijibu, alitikisa kichwa tu akaonyesha tangi. Bomba jipya lisilo la kiwandani dola 85, kazi yake dola 140, akalipaka na nta nzito ya kuzuia kutu. Nimepiga hesabu: skana, kifuniko, valvu, moshi na bomba, jumla dola 405. Katika hizo, 62 ni za kubahatisha. Hata skana silaumu, ilinipa mtaa. Nyumba ilionyeshwa na moshi.

Kurudi kwenye ukaguzi nako kuna mtego. Ukifuta taa, kompyuta inasahau vipimo vyake vyote, na ukaguzi unaona kwamba gari halijajipima. Gari la kuanzia mwaka 2001 huruhusiwa kipimo kimoja kisiwe tayari, kwa hiyo mjanja angeweza kupenya kabla EVAP haijajipima. Nilijua, na nilitamani. Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu kama bomba lile limeponya. Nikaweka nusu tangi, nikaliacha lilale, asubuhi nikaliendesha kwa upole kwenye barabara kuu, jioni mjini. Siku tisa nafungua simu kabla ya kufunga mkanda. Siku ya tisa mstari wa EVAP ukawa kijani, taa imezima. Stika ya R ikakwanguliwa mwezi wa Juni.

Nikampigia ami kumweleza yote, pamoja na chumvi. Alinyamaza kidogo.

“Nusu milimita?”

“Nusu, ami.”

“Na Probox ya jirani hapa tangi limezibwa na tambara, inakwenda Malindi na kurudi.” Akafikiri. “Kile kifuniko cha zamani bado unacho?”

“Ninacho.”

“Mpe mtu anayekuja Desemba. Kisipoingia nitakichonga.”