Waya wa choki

Corolla ya baba ilikuwa DX ya mwaka 1982, rangi ya maziwa. Mwaka 2005 tulikuwa tunaishi Mwanga, Kigoma, na asubuhi zetu zilifanana: baba anazungusha ufunguo, stata, ile mota ya kuamsha injini, inasema "tk", taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, kisha kimya. Hapo anaanza kutuita mmoja mmoja kwa majina. Tunajua, ni kusukuma.

Fundi wa kwanza alisema betri. Tukanunua mpya, siku mbili tukaona nafuu, ya tatu "tk". Wa pili akasema stata. Akaishusha, akaikanyaga kwa mguu pale mchangani na kuiunga moja kwa moja na betri. Ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Akairudisha kwenye gari: "tk". Akajikuna kichwa, akasema, "Stata hii ikiwa nje mzima, ikiingia ndani inaugua." Tulicheka. Jibu lote lilikuwa mle kwenye utani wake, na hakuna aliyelisikia. Baba akanunua stata ya mtumba kwa pesa ya mabati ya jiko. Mama hakusema neno, alibandika maharage tu.

Jumamosi moja akaja mjomba kutoka Ujiji, fundi umeme mstaafu wa reli. Baba alikuwa ameshahamia kwenye choki, kile kitufe cha kuvuta kinachoongezea injini mafuta ikiwa baridi, eti imekuwa ngumu, labda injini inakosa mafuta. Nikaambiwa niinamie injini, nishike waya wa choki nione kama unavuta, yeye akiwasha. Alipozungusha ufunguo niliruka kama niliyekanyaga siafu. Waya ulikuwa wa moto kama pasi! Vidole viwili vikabaki na mstari mweupe.

"Acha kudeka," baba alisema. "Injini haijawaka, moto utoke wapi?"

Mjomba hata pole hakunipa. Aliutazama ule waya, ganda lake la plastiki limelainika, kisha akauliza, "Shemeji, umeme ukishaingia kwenye stata, unarudi betri kwa njia gani?"

Akatoa mita yake ya mshale. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Washa." Mshale ukapanda hadi volti 5. Pale, alisema, hata nusu volti haitakiwi kufika.

Waya wa hasi ulifungwa kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi kulikuwa na utepe wa shaba uliosukwa kwenda kwenye injini. Tuliukuta nyuma kabisa, umebaki nyuzi tatu zenye kutu ya kijani. Miezi kadhaa kabla, gereji moja ilishusha injini kubadili klachi. Nadhani ndipo ulipokatika. Umeme ulikosa barabara, ukapita uchochoroni, kwenye waya wa choki, ambao ndani ni chuma na unaunganisha bodi na injini.

Mjomba akabana waya wa kubusti betri, hasi hadi injini. Gari likawaka papo hapo. Akapiga msasa mahali pa kufungia, akafunga kipande cha waya mnene alichokuwa nacho kwenye mfuko wake wa spana.

Jioni ile baba alikwenda kudai stata yetu ya zamani. Fundi alikuwa ameshaiuza.

Mama akaweka sahani mezani. "Na mabati?" akauliza.