Jinsi ninavyoshughulikia NULL kwenye mfumo wa mapokezi ya asali, Tabora

Mfumo ninaoutunza hapa Tabora hupokea asali ya wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Kila ndoo inayofika kituoni ina rekodi yake kwenye jedwali la mapokezi: namba ya mfugaji, uzito, unyevu na bei ya kilo. Hifadhidata ni PostgreSQL, programu imeandikwa kwa Python. Kolamu yenye kazi kubwa kuliko zote ni unyevu. Asali yenye maji mengi huchacha, na kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Kuna siku kipimo kiko kijiji kingine na ndoo inapokelewa bila kupimwa. Hilo nalo mfumo lazima ulijue; kwenye hifadhidata, alama ya thamani isiyojulikana huitwa NULL.

Kolamu hiyo ya unyevu niliikuta imewekewa NOT NULL DEFAULT 0, yaani haikubali NULL na isipojazwa hujiwekea sifuri. Chukua ndoo tano: tatu zimepimwa na kutoa 17, 18 na 19, mbili hazijapimwa. Zisizopimwa zikiingia kama sifuri, wastani unakuwa 10.8, asali ambayo nyuki yeyote hajawahi kuitengeneza. Zikiingia kama NULL, AVG inaziruka na kutoa 18. Lakini hata hiyo 18 ni ya ndoo tatu tu, kwa hiyo kila ripoti yangu inaonyesha COUNT(unyevu) kando ya COUNT(*): ya kwanza huhesabu zilizopimwa, ya pili huhesabu zote.

Kusafisha kulianza na muundo. Nilitumia ALTER TABLE kuondoa DEFAULT na NOT NULL kwenye unyevu, kisha ndani ya muamala mmoja nikahesabu rekodi zenye sifuri, nikafanya UPDATE kuzigeuza NULL, nikalinganisha idadi mbili hizo kabla ya COMMIT, amri ya kuthibitisha mabadiliko. Hilo lilikuwa salama kwa sababu asali haiwezi kuwa na unyevu sifuri. Uzito ni habari nyingine: ndoo haipokelewi bila mizani, hivyo sifuri za kule zilirudishwa kwenye daftari la mizani zikasahihishwa moja moja, na kolamu ikabaki NOT NULL pamoja na CHECK (uzito > 0). Viwili hivyo vinahitajika pamoja. CHECK hukataa tu kilicho uongo, na NULL > 0 si kweli wala si uongo, kwa hiyo CHECK peke yake huipitisha NULL bila neno.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Swali la WHERE unyevu <= 20 haliioni ndoo isiyopimwa, na la WHERE unyevu > 20 haliioni vilevile; ukijumlisha ndoo zilizofaa na zilizokataliwa hupati jumla ya kituo. Mbaya zaidi ni CASE WHEN unyevu > 20 THEN 'kataa' ELSE 'pokea' END. Ndoo isiyopimwa huangukia ELSE, inaandikwa 'pokea' na kumwagwa kwenye pipa pamoja na asali safi. Mimi huanza kila CASE ya aina hii na WHEN unyevu IS NULL THEN 'subiri'. Na ni IS NULL, kamwe si = NULL, ambayo hairudishi hata rekodi moja.

NOT IN ("haimo kwenye orodha") nayo naikwepa, kwa sababu kulinganisha na NULL hakutoi kweli wala uongo. Orodha ya wafugaji ambao hawajaleta asali msimu huu hurudi tupu kabisa ikiwa pokezi moja tu halina namba ya mfugaji. NOT EXISTS haina tatizo hilo.

Upande wa Python, NULL hufika kama None. Sentensi kama unyevu or 0 siikubali kwenye msimbo, maana inarudisha uongo uleule tuliouondoa. Wala if unyevu siitumii, kwa sababu haitofautishi None na sifuri. Naandika if unyevu is None. None > 20 hutoa TypeError na kusimamisha programu, nami nashukuru: afadhali kelele hapo kuliko ukimya wa SQL. Fomu ikiachwa wazi hutuma maandishi matupu, ambayo kolamu ya namba ya PostgreSQL huyakataa, basi nayageuza kuwa None mahali pamoja tu, pale fomu inaposomwa.

Simu ya mfugaji asiye na simu ni NULL, si '' wala 'hana'. Kolamu ile ni UNIQUE, yaani thamani haijirudii: NULL nyingi zinaruhusiwa, lakini '' ya pili itakataliwa. Majina nayaunganisha kwa concat_ws, inayoziruka NULL, kwani alama ya || ikikuta jina la kati ni NULL, jina zima linapotea kwenye stakabadhi.

Sifuri ina mahali pake. Mfugaji asiyeleta ndoo hata moja ameleta kilo 0, hilo tunalijua kwa hakika. Kwa hiyo COALESCE(SUM(uzito), 0), inayoweka 0 pale jumla ikiwa NULL, ni sahihi kwenye ripoti yake. Bei ambayo haijapangwa ni tofauti. Ndoo ya kilo 28 mara NULL ni NULL, na stakabadhi inaandika "bei bado". Mtu aliyebeba asali kutoka porini asipewe karatasi yenye shilingi 0.

Jambo la mwisho ni mpangilio. PostgreSQL ikipanga kwa DESC (kubwa kwanza) huanza na NULL. SQLite, hifadhidata ndogo iliyo kwenye simu za wakusanyaji, huiona NULL kuwa ndogo kuliko zote na kuiweka mwisho. Naandika ORDER BY unyevu IS NULL DESC, unyevu DESC, ambayo inafanya kazi kote kuwili, na ndoo za kupimwa kwanza zinakaa juu ya orodha kituoni na kijijini.