Kamba za Berlin, baada ya fundo la kwanza

Jamaa zangu wa Tanga wakisikia kwamba kila wiki naenda darasani kujifunza kufunga kamba, wanadhani nimepata kibarua bandarini. Siwasahihishi. Shibari, ustadi wa Kijapani wa kumfunga kwa kamba mtu mzima aliyeridhia mwenyewe, si habari ya kumpigia shangazi simu Jumapili. Hapa Berlin hayafichwi: madarasa yapo, walimu wapo, na watu huja na mikeka na chupa za maji kama waendao mazoezini.

Mwanzo wake si mgumu. Unaikunja kamba katikati, unaizungusha kwenye kifundo cha mkono mara mbili, unapitisha kitanzi chini ya mizunguko yote, kisha unafunga fundo lisilojikaza hata likivutwa. Kidole kiweze kupita kati ya kamba na ngozi. Basi.

Kazi huanza baada ya hapo, na wengi hudhani kazi yenyewe ni kujua mafundo mengi zaidi. Mtazame mwalimu kwa karibu: mafundo yake ni machache mno. Kamba inashikiliwa na msuguano, pale inapopita chini ya nyingine, ikageuka na kurudi ilikotoka. Kinachotakiwa ni mkazo ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mzunguko mmoja ukilegea, wa jirani hubeba mzigo wote, na huo ndio utakaomuumiza mtu.

Chukua mfungo wa kifua unaoitwa takate kote, mikono ikiwa imekunjwa nyuma ya mgongo. Kamba hupita kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, na hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoitwa radial. Unauzunguka mfupa, na kwa upande wa nje unakaribia sana ngozi. Ukibanwa, kiganja huanguka na mtu hawezi kukiinua. Kupona kunaweza kuchukua wiki, hata miezi. Usidanganywe na rangi ya vidole, maana damu yaweza kupita vizuri huku mshipa wa fahamu ukiumia. Kwa hiyo mwenzangu namsumbua kila mara: inua kiganja, nyoosha vidole, sukuma kidole changu kwa gumba. Akisema ganzi, au anahisi kama shoti ya umeme, hatujadiliani. Nafungua. Fundo likikataa, mkasi wa ncha butu, ule wa watu wa ambulensi, uko pembeni. Kamba hununuliwa nyingine.

Kamba zenyewe ni za juti, unene wa milimita 6 hivi, urefu mita 7 au 8. Unazipitisha upesi juu ya moto kuunguza manyoya, kisha unazipaka mafuta kidogo. Mtoto wa Tanga lazima aulize, mbona si mkonge? Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta kwetu mwaka 1893, miche ikitokea Florida, na mashamba yake ndiyo yaliyowalisha babu zetu kwa jasho. Lakini nyuzi zake ni ngumu na zinachoma. Kwa gunia na meli sawa, kwa ngozi ya mtu hapana.

Walimu hupenda kutaja hojojutsu, ufundi wa kuwafunga watuhumiwa huko Japani enzi za Edo (1603–1868), na mchoraji Ito Seiu (1882–1961), anayehesabiwa kuwa baba wa sanaa hii. Mimi historia hiyo hunitia tahadhari. Ufundi wa askari ulilenga mtu asiyetaka kufungwa, ambaye maumivu yake hayakumhusu yeyote. Ukale haumfanyi mtu kuwa salama.

Wenzangu wengi wana pupa ya kumning'iniza mtu hewani, kwa sababu ndiko zitokako picha nzuri. Huko uzito wote wa mwili huingia kwenye kamba chache, na muda wa kugundua kosa ni mfupi. Mimi bado niko sakafuni, tena sasa najifunza kufungua. Kamba ikivutwa haraka huunguza ngozi, kwa hiyo unaitoa taratibu, mkono mmoja ukiwa umeituliza mwilini. Mabega yaliyokaa nyuma muda mrefu huletwa mbele polepole, na mwenyewe ndiye anayeamua kasi.