Vizibo vya Sista

Juzi nilikwenda kuangalia presha yangu, ile ile mnayoijua, na safari hii wakataka na damu. Kijana wa maabara akachana kile kipakiti cha pamba yenye spiriti, akanifuta mkononi. Harufu ikapanda puani, na makalio yangu yakakaza yenyewe. Umri huu wote! Kinachotobolewa ni mkono, lakini wenye kumbukumbu ni makalio.

Harufu ile kwangu haiji peke yake. Huja na mafuta ya taa.

Nilikuwa sijaanza shule. Kifua kilinibana, homa ikanishika usiku kucha, asubuhi mama akanibeba mgongoni hadi zahanati. Njia siikumbuki, foleni siikumbuki, hata aliyenipima simkumbuki. Ninachokikumbuka ni meza ya Sista.

Juu ya meza palikuwa na jiko la mafuta ya taa, na juu ya jiko kisanduku cha bati chenye mfuniko. Humo ndimo zilimochemshwa sindano. Maji yakishika moto, yale mabomba ya kioo yalianza kugongana, na mlio ule ndio uliotuliza watoto wote kabla hatujaguswa. Sista akafunua mfuniko, mvuke ukamziba miwani. Hakujali. Akaingiza koleo refu, akatoa bomba, akalikung'uta maji, akachomeka kile kipande cha ndani cha kusukumia. Kisha sindano yenyewe. Nene, ya chuma, haikuwa ya kutupwa; ikiwa butu hunolewa kwenye jiwe na kurudi kazini.

Akachukua kichupa cha PPF, ile penisilini ya sindano. Unga mweupe chini, kizibo cha mpira juu. Akaingiza maji ya dawa, akakisugua kile kichupa baina ya viganja, akakipindua, akakisugua tena, mpaka mle ndani pakawa na kitu cheupe kizito. Akavuta. Akaliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, akaligonga kwa ukucha wa kidole cha kati, mara mbili, povu likapanda. Akasukuma kidogo. Tone moja likateremka kwenye sindano, likaning'inia nchani, nami nalitazama.

Mama akanifinya begani. Nikakumbuka adabu.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba baba. Haya, lala hapa mapajani kwa mama. Legeza. Ukikaza utaumia zaidi."

Akaniwekea kiganja mgongoni. Kilikuwa na joto la ule mvuke. Hakukiondoa. Nilingoja akiondoe, maana nilijua akikiondoa ndipo atakapochoma, nao waliokuwa mbele yangu walikuwa wamepiga kelele wakati nisiouelewa vizuri. Badala yake akaniuliza: "Hebu niambie, kati yangu na mama yako, unamwogopa nani zaidi?"

Lilikuwa swali gumu. Mama yupo, anasikia. Sista yupo, ana sindano. Nikawa napima maneno, na kabla sijapata jibu la kunisalimisha kwa wote wawili, alikuwa ameshachoma na ile dawa nzito inaingia taratibu, inawaka mpaka gotini. Nikalia kilio cha mtu aliyedanganywa. Kiganja bado kilikuwa pale pale mgongoni.

Kichupa kilikuwa kimekwisha. Akang'oa kile kibati cha juu, akatoa kizibo cha mpira, akakisuuza, akanipa. "Kachezee." Dozi ilipoisha nilikuwa na magurudumu ya kutosha gari la waya, na kifua kimefunguka. Wenzangu wakanionea wivu wa kuumwa.

Sasa huyu daktari wangu wa leo ni kijana mwema, nisimsingizie. Anaongea huku anaandika, macho kwenye kompyuta, kwa sababu mfumo haumruhusu kwenda ukurasa wa pili bila kujaza wa kwanza. Joto nilipimwa mlangoni kwa kile kifaa wanachokuelekezea kwenye paji la uso kama bastola. Habari za kubana zebaki kwapani huku unaogopa kupumua zimekwisha. Majibu ya damu yakaniwahi kwenye simu kabla sijatoka getini: figo, sukari, mafuta, kila kimoja na tarakimu yake, na rangi nyekundu pale palipozidi. Sista asingeweza kunipa hata robo ya hayo. Alikuwa na kipimajoto, penisilini na kiganja.

Ila kuna siku mfumo ulilala. Tukaambiwa tusubiri, tukasubiri wote, wagonjwa na wahudumu, wala hakuna aliyeweza kusema mimi ni nani na nameza nini, na vidonge vyenyewe vilikuwa mfukoni mwangu.

Najua mtaniambia nini, na ni kweli. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe, yale ambayo ukishasukuma mara moja hayavutiki tena. Hawakufanya hivyo kwa kupenda plastiki. Homa ya ini na VVU vilikuwa vimeshatufundisha kitu ambacho sindano iliyochemshwa nusunusu inaweza kukibeba kutoka kwa mtu hadi mtu. Nami nakumbuka foleni ikirefuka, na kile kisanduku kikifunuliwa kabla maji hayajarudi kuchemka sawasawa. Wakati ule niliona ni huruma, kwamba hataki tukae juani. Pengine ilikuwa huruma. Na pengine kuna waliorudi nyumbani na kingine zaidi ya kizibo.

Binamu yangu, yule mbishi, hataki kabisa kusikia nikimsifu Sista. Yeye sindano ile ile ilimwotesha jipu, akachechemea mpaka akapachikwa jina mtaani, na kovu analo hadi leo; ukimbishia sana anatishia kulionyesha. "Wewe mkumbuke," aliniambia nilipompigia kumsimulia habari ya pamba na spiriti. "Mimi nimeshamlalia upande mmoja vya kutosha."

Nikacheka. Nikamuuliza na yeye kiuno chake kinaendeleaje, maana alikuwa ametoka kuonana na bingwa wa mifupa, hospitali kubwa, picha za kila aina.

Akakohoa kwanza. "Kijana anajua kazi," akasema. "Lakini fikiria, dakika zote zile, na wala hakunigusa pale panapouma."