Makuhani wa Misri katika kalamu za wageni na katika kalamu zao

Katika karne ya 2, Misri ikiwa jimbo la Roma, Lucian wa Samosata aliandika kwa Kigiriki kisa cha Pancrates, mwandishi wa hekaluni kutoka Memphis, aliyekaa chini ya ardhi miaka 23 akifundishwa uchawi na Isis, mungu wa kike wa Wamisri. Pancrates huuvika mchi nguo, huutamkia maneno, nao huenda kuteka maji. Mwenzake anayasikia maneno hayo akiwa amejificha gizani, lakini hajui ya kuusimamisha, na anapoupasua kwa shoka anapata wateka maji wawili. Lucian alikuwa akiwakejeli wanaosadiki mambo ya namna hiyo, ila kuhani aliyebaki vichwani mwa wasomaji ni huyo mwenye mchi.

Ninaishi Mikindani, na sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tumezoea kuulizwa habari za uchawi kabla ya habari za korosho au za bandari, kwa hiyo nilitaka kujua makuhani wenyewe walijiandikaje.

Waliandika mengi. Katika hadithi ya Setne, iliyohifadhiwa kwa Kidemotiki, mwandiko wa mkato wa Wamisri, kwenye mafunjo ya enzi za akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri kabla ya Roma, mhusika mkuu anaingia kaburini kukitafuta kitabu kilichoandikwa na Thoth, mungu wa maandishi na elimu, kwa mkono wake. (Setne alikuwa mtu kweli: Khaemwaset, mwana wa farao Ramesses II na kuhani mkuu wa mungu Ptah.) Roho ya Ahwere inamsimulia jinsi mumewe alivyokitwaa kitabu hicho, na jinsi mtoto wao, kisha yeye, kisha mume mwenyewe, walivyoangamia mtoni. Setne anakichukua vivyo hivyo, anafedheheka, na analazimika kukirudisha. Uchawi umo, lakini kiini cha hadithi ni elimu yenye mwenyewe, na msomi anayelipia tamaa yake. Kwangu ina uzito kuliko kisa cha mchi.

Manetho, kuhani wa karne ya 3 KK, aliwajibu wageni kwa lugha yao: aliandika historia ya Misri kwa Kigiriki, na Josephus, mwanahistoria Myahudi, anasema alimkosoa mwanahistoria Mgiriki Herodotus kwa kutoijua Misri. Kitabu chake kimepotea, kikabaki vipande vilivyonukuliwa na wengine, kama vile sehemu ya habari za masultani wa Kilwa ilivyohifadhiwa na Mreno João de Barros. Hata hivyo, wataalamu wanaoandika juu ya mafarao bado wanawapanga kwa nasaba 30 za Manetho.