Kigingi cha kumi na moja

Mwezi wa tisa mwaka 1997 nilifanya mtihani wa darasa la saba. Mpaka matokeo yatoke, nilikuwa si mwanafunzi wala si mkulima. Kijana wa miaka 14 mwenye kaptula ya shule iliyogeuzwa nguo ya shamba, na kichwani nimeshajihesabu bingwa wa hisabati.

Kwetu ni upande wa Kalinzi, kwenye barabara inayotoka Kigoma mjini kwenda Manyovu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwetu ni karibu mara mbili ya hapo, ndiyo maana gari likishaiacha Mwandiga linaanza kupanda kwa kulia. Ni nchi ya kahawa, migomba na maharage. Mashamba mengi ni kanda nyembamba zinazoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, kwa sababu mzee akigawa ardhi, kila mtoto lazima apate kidogo cha juu, kidogo cha katikati, na kidogo cha bondeni penye magimbi. Kwa watoto hiyo ni haki. Kwa udongo ni balaa. Mwenye ukanda hulima kwa kuufuata ukanda wake, matuta yakashuka na mlima, na kila mfereji kati ya tuta na tuta ukawa njia ya mvua kuondoka na chakula cha mwakani.

Tulishazoea. Ikinyesha kubwa, kijito cha bondeni kiligeuka rangi ya matofali. Maji yale huteremka mpaka mto Luiche, na Luiche humwaga ziwani kule karibu na Ujiji. Mume wa shangazi, mvuvi wa dagaa, kila akitutembelea alikuwa na utani uleule: "Ninyi watu wa mlimani, mashamba yenu tunayaona kule kwetu. Yanaelea."

Mwaka huo baba alirudi kutoka mkutano wa kijiji na jambo kichwani. Siku hizo TACARE, mradi wa taasisi ya Jane Goodall ulioanza mwaka 1994 kwenye vijiji vya jirani na Gombe, ulikuwa umeyafanya maneno kama kitalu, kontua (mstari unaokata mlima kwa usawa) na kilimo mseto yasikike hata kilabuni. Baba hakuwa mtu wa miradi. Lakini bwana shamba alipomwonyesha fremu A, alikuja nyumbani kimya, na kesho yake alfajiri nikamsikia anakata miti.

Asiyeiona fremu A atadhani ni mtambo. Ni fito mbili za mkaratusi, kila moja mita 2 hivi, zimepigiliwa pamoja kichwani na kutanuka chini kama miguu ya mtu anayepiga hatua, na fito ya tatu imelala katikati. Kutoka kichwani inaning'inia kamba ya katani yenye jiwe. Basi. Kinachoifanya iwe kipimo ni alama ya kwenye fito ya katikati, na alama hiyo haikisiwi. Baba aliisimamisha uwanjani, akachora chini pale miguu ilipokanyaga, akangoja jiwe litulie, akakwaruza kwa kisu mahali kamba ilipopita. Kisha akaigeuza, mguu wa kushoto ukakaa mahali pa wa kulia, na wa kulia mahali pa wa kushoto. Akakwaruza tena. Mikwaruzo miwili ilikuwa imeachana kama upana wa vidole viwili. Katikati yake akapiga mstari mmoja mzito wa mkaa.

"Kamba ikilala hapa," akasema, "miguu iko sawa. Hata macho yako yakikwambia vingine."

Baba aliishia darasa la nne. Mimi nikajisemea moyoni: kumbe ni kugawa kwa mbili tu.

Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anatazama. "Mkoloni naye alikuja na vijiti," akasema. Hakuwa mpinzani wa bure. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ile ya kuwahamishia watu vijijini, ilimkuta ana nyumba yake na migomba yake peke yake kilimani, ikamshusha akajipange mstarini na wenzake. Tangu hapo kigingi chochote kilichochomekwa ardhini kwake kilikuwa mwanzo wa safari. Baadaye sana nilisoma habari za Uluguru, jinsi mwaka 1955 watu walivyoinuka na damu ikamwagika kwa ajili ya matuta ya kulazimishwa, matuta ambayo kwa karatasi yalikuwa na faida, nikamwelewa babu kuliko nilivyomwelewa siku ile. Siku ile nilimwona mzee wa zamani tu.

Tulipima siku mbili. Mguu wa nyuma unazunguka kwenda mbele, unausogeza juu, unaushusha, mpaka kamba ilale kwenye mkaa, unapiga kigingi, unasonga. Upana wa shamba letu ulichukua vigingi 20. Vya kwanza vilikwenda vizuri. Tulipofika chini ya mparachichi, mstari ukaanza kupanda. Kigingi cha kumi kikaenda juu, cha kumi na moja kikaenda juu zaidi, cha kumi na mbili kikaanza kurudi. Nilimwambia baba fremu imeharibika. Akaipima upya palepale, ikatoa jibu lilelile. "Hapa pana kibonde," akasema. Nilitazama. Sikuona kibonde chochote.

Siku ya tatu ukaja msiba Kasulu na baba akaondoka. Maagizo yalikuwa mafupi: fuata vigingi, mtaro futi mbili upana na futi mbili kina, udongo utupe upande wa juu. Ndiyo fanya juu yenyewe. Tuta linakaa juu ya mtaro, unalipanda matete, udongo unaoteremka unagota hapo, na miaka ikienda mteremko unajikata wenyewe ngazi.

Nilichimba mpaka kigingi cha tisa bila shida. Kwenye cha kumi jembe likagonga mizizi ya mparachichi. Nilikata mmoja, nikakuta mwingine mnene kama mkono. Nikapumzika, nikarudi nyuma kuutazama mstari kwa mbali, na mstari ukaniudhi. Ulikuwa umenyooka, halafu katikati umejikunja kama nyoka aliyekanyagwa mgongoni. Shuleni mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akichapa kwa mstari uliopinda. Ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi, kwamba nilinyoosha kwa ajili ya uzuri. Ukweli ni kwamba pale chini, hatua mbili tu kutoka kwenye kigingi cha kumi na moja, ardhi ilikuwa laini na haikuwa na mizizi.

Nilikishika kigingi, nikakitikisa, kikatoka. Nikakipiga hatua mbili chini. Cha kumi na cha kumi na mbili nikavisogeza kidogo viendane. Nikarudi tena nyuma kutazama. Ulikuwa mstari wa rula.

Baba alirudi na homa, akalala wiki nzima. Alipopata nguvu alitoka akasimama uwanjani, akautazama mtaro kutoka mbali kama nilivyoutazama mimi. "Umefanya kazi ya mtu mzima," akasema. Hata babu alijikongoja mpaka mwisho wa uwanja, mkono juu ya macho. "Umenyooka kama reli." Wapita njia walisimama. Niliwaacha wasimame.

Mwaka ule hauhitaji kuelezwa kwa aliyeuona. Mvua za El Nino zilianza kama mvua nyingine yoyote, zikatuotesha mahindi na maharage, tukazishukuru. Mwezi wa kumi na mbili zikabadilika. Usiku mmoja ilinyesha bila radi na bila upepo, mlio mmoja tu juu ya bati, mkubwa kiasi kwamba mama aliongea nami kwa mikono. Nilipokuja kusoma sekondari nilipiga hesabu ambayo ingenifaa mapema: milimita 10 za mvua juu ya ekari moja ni lita 40,000, yaani ndoo kubwa 2,000. Usiku ule haikuwa milimita 10, na juu yetu kulikuwa na mashamba mengine ambayo hayakuwa na kinga yoyote.

Asubuhi mtaro ulikuwa umejaa pande zote mbili, maji yametulia, mazuri. Katikati haukuwepo. Kile kibonde ambacho sikukiona, maji yalikiona. Mtaro wangu ulionyooka ulikuwa pale katikati umeshuka chini ya usawa kwa zaidi ya futi moja, kwa hiyo kila tone lililokingwa kushoto na kulia lilitembea taratibu kuja mahali pamoja, likasimama, likapanda juu ya ukingo, likapasua. Kama tusingechimba kabisa maji yangeshuka yametawanyika. Sisi tuliyakusanya, tukayatuma kwa mkupuo. Chini ya mparachichi palikuwa na korongo linalonifika kiunoni, na lilikwenda moja kwa moja, limenyooka nalo, mpaka kwenye shamba la bibi jirani.

Bibi huyo alikuwa mjane, umri wa babu. Maharage yake yalikuwa kwenye maua. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope jekundu, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anavuta mche, anaukung'uta, anautazama mizizi, anauweka pembeni. Mche mwingine. Hakuwa akilia wala kugomba. Baba alifika akasimama kando yake, akavua kofia.

"Mwakeye, mama."

Alimwitikia. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mwanangu, miaka yote maji yako yalikuwa yanapita kwangu kama wageni. Leo umeyatuma kama majeshi."

Jioni wazee wa kitongoji walikaa nyumbani kwetu. Kulikuwa na waliofurahi kimoyomoyo, maana mtu akijaribu jambo jipya likamshinda, wasiojaribu hupata pumziko. Mmoja akasema fremu ile ni ya kitapeli, ichomwe. Bwana shamba hakuwepo kujitetea. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kuni, nasubiri jina langu. Baba akasema: "Fremu haina kosa. Kipimo ni changu na shamba ni langu." Akatozwa debe mbili za maharage msimu ukiisha, na siku za kumsaidia bibi kuzoa tope. Babu hakusema "niliwaambia". Nilishangaa sana kwamba hakusema.

Watu walipoondoka mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Baba akachukua fremu begani. "Njoo." Tulipanda mpaka kwenye mparachichi. Hakuanza kupima. Alitembea ameinama hatua mbili juu ya korongo, anasukuma nyasi kwa mguu, mpaka akakipata: kitundu kidogo, cha mviringo, kimejaa maji ya mvua. Kingo zake zilikuwa safi. Alichuchumaa, akaingiza kidole cha shahada mpaka kikaishia, akakitoa, akakipangusa kwenye suruali. Kisha akaitembeza fremu kutoka mahali pa kigingi cha tisa, hatua kwa hatua, mpaka mguu wa mbele ukasimama juu ya kile kitundu. Jiwe likayumba, likayumba, likatulia. Kamba ililala kwenye mkaa.

Alinitazama, na mimi nikatazama jiwe. Sikumbuki tulikaa hapo muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba hakuniuliza, na kutoulizwa kule kulinichoma kuliko fimbo, kwa sababu uongo nilikuwa nimeshauandaa na haukupata pa kwenda.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndefu na haina hadithi. Tulipanga mawe kwa ngazi ndani ya korongo ili maji yapunguze kasi, tukapanda matete kila ngazi. Mtaro wa katikati tulichimba upya pale ulipopaswa kuwa. Ile mizizi ya mparachichi niliikata yote, siku nne. Mstari ukarudi kujikunja, na baada ya miaka michache, udongo ulipojaa nyuma ya tuta, ule mkunjo ndio ukawa sehemu yenye migomba minene kuliko yote. Majirani wa pande zote mbili waliuendeleza kwenye kanda zao, tena kwa fremu ileile iliyotaka kuchomwa.

Nilioa mwaka 2008. Siku ya sherehe bibi alikuja anashikwa mkono na mjukuu, akaomba aongee kabla hajachoka. Alimletea mke wangu kikapu cha maharage ya mbegu, makubwa, yanang'aa kama yamepakwa mawese.

"Mkaza mwanangu," akasema, "lile tope lilizaa vizuri. Haya yametoka kwenye udongo wa mume wako. Aliniletea usiku, hakubisha hodi, na mimi nimekaa nao muda mrefu mno. Chukueni chenu."

Watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Mke wangu alinigeukia ameinua nyusi. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu vyake, na siku ile alivaa makubazi.