Viti 143

Mwaka 1996, nikiwa darasa la sita, mjomba wangu aliyekuwa akikodisha viti na maturubai pale Magomeni alinichukua Jumamosi moja nimsaidie kwenye harusi ya mtaa wa pili. Mama wa bibi harusi alikuwa na sharti moja, nalo halikuwa na mjadala: mistari ya viti iwe sawasawa yote, kwa sababu kwenye harusi iliyotangulia mtaani hapo mstari wa nyuma ulikuwa na viti vinne tu, mithili ya meno ya kizee, na watu wakalisema jambo hilo wiki nzima.

Viti vililetwa kwa mkokoteni, vyeupe, vya plastiki, kimoja ndani ya kingine. Nilivichomoa kimoja kimoja, kila kimoja kikilia kwa kukwaruzana na mwenzake, nikavirundika ukutani huku nikihesabu kwa sauti hadi 143. Kisha nikachutama, nikaanza kuandika mchangani kwa kijiti. Kwa 2 haigawanyiki, ni witiri. Kwa 3 nilijumlisha tarakimu zake, 1 na 4 na 3, nikapata 8, ambayo nayo haigawanyiki kwa 3. Kwa 5 hapana, kwa kuwa haiishii na 0 wala 5. Kwa 7 inabaki 3. Nikasimama na kutangaza, kwa majivuno ninayoyaonea haya mpaka leo:

"Mjomba, hii ni tasa. Haipangiki."

Mjomba alinikamata mkono na kunivuta kando. "Unatamka neno hilo kwenye nyumba ya harusi? Una wazimu?" Nilijaribu kumweleza kwamba darasani namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, na kwamba sikumkusudia mtu yeyote, lakini kwa bahati mbaya shangazi mmoja wa bibi harusi alikuwa amekwisha kugeuka. Ili niokoe jahazi, nikasema tukiongeza kiti kimoja tutapata 144, yaani mistari 12 ya viti 12. Mjomba akanituma nikakiazime, nadhani zaidi ili niondoke machoni pa watu.

Niliporudi na kiti cha mbao kichwani, kizito kama dhambi, viti vya plastiki vilikuwa vimekwisha kupangwa chini ya turubai: mistari 11, kila mmoja viti 13, bila pengo wala kibaki. Mwenye mkokoteni alikuwa ameketi pembeni akijifuta jasho.

"Dogo, si nimevipakia mwenyewe? Mafungu kumi na moja, kila fungu viti kumi na vitatu. Fungu moja, mstari mmoja."

Mafungu hayo niliyavunja mimi, kwa mikono yangu.

Usiku huo nilifungua daftari kutafuta nilipoteleza. Mwalimu alikuwa ametufundisha chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Aleksandria karne ya tatu kabla ya Kristo: unaandika namba kuanzia 2 hadi 100, unakata vigawe vya 2 ukiiacha 2 yenyewe, kisha vivyo hivyo vya 3, vya 5 na vya 7, na zinazosalia, ambazo ni 25, ndizo namba tasa. Tuliishia 7, nami nikashika kwamba 7 ndiyo mwisho wa kazi. Kumbe ilitosha kwa sababu tu karatasi yetu iliishia 100. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo zaidi ya 1 ambacho kikizidishwa kwa chenyewe hakiipiti namba hiyo, na 11 mara 11 ni 121, zaidi ya 100 lakini chini ya 143. Nilipaswa kupiga hatua moja tu zaidi, tena hatua nyepesi: 110 na 33, basi.

Nikaendelea kuchekecha kuanzia 101, nikitafuta nyingine ambazo zingenidanganya vivyo hivyo. Hadi 168 nilizipata mbili tu, 121 na hiyo 143. Mkokoteni ungebeba 127 au 139, ningekuwa sahihi na mjomba angenisifu.

Asubuhi nilikirudisha kile kiti cha mbao. Mwenyewe aliniuliza nani alikikalia. Nikamjibu kwamba nilikikalia mimi, nyuma ya turubai, karibu na masufuria.